Mama Kabedi na Telefone Yenye Masikio

Mama Kabedi anaongoza wamama wanaoosha mawe ya shaba mtoni, upande wa Shituru, na sauti yake haijawahi kuhitaji mikrofoni. Mwaka huu nusura wamvue uongozi, na yote kwa sababu anapenda kujiona.

Ujumbe ulimfikia: «Mama Kabedi, picha zako za ndoa ya Daniella ziko hapa. Ulipendeza na kitenge cha kijani!» Niambie mwanamke gani wa Likasi hatafungua. Alibonyeza, picha hakuna. Akabonyeza tena kwa hasira. Telefone ikamwomba ruhusa hii na ile. Akakubali zote, kama mtu anayefukuza nzi.

Basi, mambo yakaharibika. Wamama walitaka mtaalamu kutoka Lubumbashi apime maji, maana mikono yao inatoka vidonda. Mnunuzi wa madini, anayemwaga uchafu wake mumo humo, hakutaka. Kila walipopanga siku kwa siri, jeep ya walinzi wake ilitangulia na kufunga njia.

«Kati yetu kuna mwenye anatuuza,» Aimée akasema, macho kwa Kabedi. «Ni weye tu unapanga saa, mama. Jumamosi tunachagua mwingine.»

«Miye niuze watu? Hata nyanya zinanishinda kuuza!»

Hawakucheka. Kabedi akaenda mjini kwa Ghislain, fundi wa telefone, kumwonyesha ile yake, iliyokuwa inachemka kama pasi hata ikiwa imelala.

Ghislain akaichunguza. «Mama, ule ujumbe wa picha ulikuwa mtego wako weye tu. Wameingiza programu ya kupeleleza. Iko inasikia yote, hata ukikoroma. Nifute?»

«Usiiguse! Kwanza niipe chakula.»

Jumamosi asubuhi wamama walifika kwake kupiga kura. Aliwasimamisha nje, akawanong'oneza jambo lote, akawaonya wafunge midomo. Kazi kubwa, hiyo. Ndani, telefone ilikuwa mezani. Akapaza sauti kama mhubiri: «Bamama, mtaalamu amebadilisha mpango! Anaanzia kule mbali Kakanda, leo hii!»

«Amina!» wakaitika, Aimée kwa shingo upande.

Wakakaa dirishani. Haikuchukua muda, jeep ya walinzi ikapita mbio, vumbi nyuma, kuelekea barabara ya Kakanda.

«Yaba!» Aimée akashika kichwa. «Kumbe ni kweli!»

Mtaalamu, ambaye Kabedi alimwita kwa telefone ya jirani, alijaza chupa zake mtoni bila kusumbuliwa na mtu.

Wamama waliporudi naye kutoka mtoni, Kabedi akainamia telefone. «Weye mwenye unasikia, waambie wenzako warudi polepole. Barabara ile iko na mashimo.» Kisha akawageukia wamama. «Haya, kura yenu. Nani anamtaka mwingine?»

Aimée akaficha mikono mgongoni.

«Nani ananitaka miye?»

Mikono ikapanda. Aimée aliinua miwili.