Souris polepole na sahani ya bukari

Bandugu, leo mukono yangu ilitupa bukari, ile ugali ya mama, chini.

Mwezi muzima niko natafuta vitesse, ile mbio ya souris ya kompyuta, mu jeu ya bunduki. Nikiiweka mbio, bunduki inapita adui. Nikiiweka polepole, ninamupiga, lakini kugeuka inaomba kusukuma souris meza muzima.

Leo nikachagua polepole. Tulikuwa tunacheza na bantu ba Kambove. Kwetu nikabakia mimi moya. Kwao adui moya, nyuma yangu.

Mama akaweka sahani pembeni ya souris.
"Kula, ingali moto."

Nikasukuma souris meza muzima, nikageuka.

Adui akakufa. Bukari chini, sombe, ile mboga yake, ku ukuta.

Mama akaangalia chini, kisha mukono yangu.
"Kama hautake chakula yangu, uniambie na kinywa."

Toka ile saa hanisemeshe.

Benye munacheza polepole, sahani munaweka wapi?