Mkwe Haondoki Mtaani

Ng'ombe amebaki! Jamani, amebaki! Mama Maziwa kashinda, na kikao kizima kimelowa kama kuku wa mvua.

Ngoja nianze mwanzo. Mtaa huu ni popo, si ndege si mnyama. Ukiuita mji, mahindi yanakukatalia. Ukiuita shamba, kuna duka la keki. Zamani yalikuwa mashamba matupu, na Mama Maziwa ndiye aliyebaki kati ya wenyewe. Mumewe aliuza kipande kimoja kimoja kusomesha watoto, akafa, akamwachia mjane wake kibanda, nyasi kidogo na ng'ombe mmoja. Ng'ombe anaitwa Mkwe, maana hapigwi wala hajibiwi. Maziwa yake ndiyo yanayomweka mama mjini, hana kingine.

Walionunua vile vipande wakaja na mageti makubwa kuliko nyumba. Asubuhi wanatoka na ndala, viatu kwenye mfuko. Wakifika kwenye lami wanabadilisha, wanaanza kutembea kama mabalozi. Hao ndio walioamua kwamba Mkwe ananuka. Mwenyekiti, ambaye kola ya shati lake husimama kama ubao, akaandika kwenye grupu la mtaa: mtaa wa kisasa haufugi, kikao Jumamosi kwangu.

Mama Maziwa wiki nzima chakula hakishuki. Amuuze Mkwe, halafu ale upepo? Binti yake akamshauri kwa simu aende akawalilie. Mama akasema machozi yake anayatunzia misiba.

Siku ya kikao akavaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mbele. Mmoja alilalamika nzi, mwingine harufu, huku wote wanakunywa chai iliyopikwa kwa maziwa ya Mkwe huyo huyo. Walipomaliza, akasimama.

"Wanangu, nimekubali. Mifugo yote itoke. Ila tusioneane. Tupite nyumba kwa nyumba tukague, tuanze hapa hapa kwa mwenyekiti."

Yule wa nzi akakumbuka kaacha sufuria jikoni. Unajua, Mama Maziwa hupeleka maziwa kwa milango ya nyuma, na mlango wa nyuma hauna siri: bata wamefichwa gereji, sungura chini ya ngazi, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsema mtu.

Mwenyekiti akasafisha koo ajibu. Kabla hajafungua mdomo, kutoka choo chake cha wageni, jogoo akawika.

"Hiyo ni simu yangu," mwenyekiti akasema, jasho linamtoka.

"Basi pokea, baba," Mama Maziwa akamwambia kwa upole. "Labda anataka pumba."

Kikao kikahamia kwenye habari za taa za barabarani. Mkwe yuko kwenye nyasi zake, anacheua, hana habari na mtu.

Kama unamjua mtu wa mtaa wa namna hii, mtumie naye asome.