Bado Kidogo

Shangazi haoki kwa saa, huoka kwa pua. Jiko ni letu sote, ila akishaanza kukanda unga wa skonzi, hata mama humpisha. Hupangusa vidole kimoja kimoja, huinama mbele ya oveni, hufumba macho na kutangaza, "Bado kidogo." Hakosei. Siku hizi hutuuliza kwanza, "Eti, zinanukia?" Nasi hucheka, tukidhani anatutania.

Leo nimemkuta ameinama vilevile, kafumba macho, anatabasamu. "Harufu hiyo, mwanangu! Zinakaribia kuiva." Mimi nilinusa gesi tupu. Gesi ya oveni ilikuwa imefunguliwa, oveni haijawashwa, baridi kabisa, naye kashika kiberiti, anataka kubandika chai. Nilimdaka mkono kabla hajakwangua njiti. Nikafunga gesi, nikasukuma madirisha. Hakuuliza kuna nini. Alinong'ona tu, "Usimwambie mama yako. Watanitoa jikoni."

"Wifi, bado?" mama aliita kutoka sebuleni.

Shangazi alinigeukia, akawa anasubiri jibu usoni pangu. Kiberiti alikuwa hajakiachia.