Devota na maji ya ukungu

Siamini bado. Tangu mama yake aniambie hatunaye tena, nasikia tone moja likigonga kopo la bati msituni, asubuhi isiyo na mvua, na Devota akininong'oneza: "Umesikia? Mti unakamua ukungu."

Alisomea nchi ya baridi, akichunguza jinsi misitu ya milimani inavyoshika theluji. Akarudi Ifakara na swali lilelile. "Huku theluji yetu ni ukungu," alisema, tukapanda mlima juu ya Sanje na makopo mgongoni.

Mengine tuliyaweka chini ya miti. Mengine kwenye uwazi ulioachwa na wapasua mbao miaka ya hamsini, ambako msitu haujarudi hadi leo.

Miti ilipaswa kushinda kwa maji. Lakini makopo ya uwazini yakaanza kujaa. Bila mvua.

Devota hakuwa mwepesi wa kuamini watu. Alimshuku mlinzi wa msitu kwamba anayajaza, akamshuku bosi wetu wa mradi. Siku moja tukila wali kwa mama ntilie, aliinama akakagua viatu vyangu kama vina mbegu za nyasi za kule uwazini.

"Ni wewe?"

Niliumia. Na mimi nikaanza kumchunguza yeye.

Mwishowe tukajibanza kichakani. Akaja bibi mmoja mchanja kuni, akamimina maji ya kidumu chake, kopo kwa kopo.

"Shikamoo bibi. Unafanya nini?"

"Marahaba. Chombo kitupu kinaachwaje kimetazama mbingu? Mnauita ukame uje, na mpunga wetu uko bondeni. Kwenu hamkufunzwa?"

Devota alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniomba radhi, akasema data zote za uwazini zifutwe, tuanze upya.

Homa ikamwahi.

Jana msibani bosi akanivuta pembeni. "Tutoe ripoti yote haraka, jina lake likiwa juu. Ni heshima kwake."

Habari za yule bibi anazijua, nilimweleza mwenyewe. Sasa haraka ya nini? Ripoti hiyo itasema penye miti na pasipo miti, maji ni yaleyale. Nani anangoja kusikia hivyo, kama si mwenye msumeno?

Labda namwonea. Sina uhakika, na sitamuuliza.

Lala, Devota dada yangu, bila kumshuku mtu. Kazi hiyo niachie mimi.

Leo asubuhi nimewaandikia wafadhili kwamba vipimo vya uwazini si vya kweli, na sababu yake. Jina lako nimeliondoa kwenye ripoti. Na langu.