Sauti ya Kuka Ilikuwa kwa Watu Gani

Na hata hiyo sababu ya kufunga peji haina kichwa wala miguu. Ukatili kwa wanyama. Nani alifanyiwa ukatili hapo? Ndani ya hiyo video yote ndume ya ng'ombe haijaguswa hata mkia. Ni mzee amesimama kwa boma na fimbo, anagombeza ng'ombe wake kama mkwe aliyelewa. Musimbi aliwaandikia wenye mtandao hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili akaandika kwa Kiingereza cha kuomba, na jibu likafika kabla hajaweka simu chini: tumeangalia ombi lako, uamuzi ni ule ule. Wameangalia saa ngapi? Hakuna mtu huko. Ni mashine inagonga muhuri.

Musimbi ni wa Shinyalu. Siku ya soko anauzanga viatu vya mtumba, na Jumamosi asubuhi, ndume zikipigana, yeye ndiye anashikanga video. Peji yake ilijulikana mpaka Saudi na Doha. Wasichana wa huku wanaofanya kazi za nyumba kule walikuwa wanamwandikia: dada, tuonyeshe ndume ya upande wetu, tusikie ngoma ya isukuti tulie kidogo. Basi kila video aliipandisha kwa peji, halafu akaifuta kwa simu, kwa sababu simu yake inajaanga haraka. Na kwa nini asifute? Peji haijai. Ni bure. Unafinya mara moja imeenda.

Philip alimwonya. Huyu Philip ni binamu yake, anatengenezanga simu kando ya soko, na kwa kibanda chake ameweka kompyuta ndogo ya watu kuweka peji na video zao, inaongea na zingine kama hiyo, moja iko Mumias, zingine sijui wapi. Kila moja ina mwenyewe, hakuna bosi wa zote. Ukichoka na ya Philip unabeba vitu zako unahamia ya Mumias na watu wako wanakufuata. Musimbi alijaribu. Paswadi ikamsumbua, stima ikapotea video ikiwa nusu, na alipomaliza hakuna mtu alilaiki.

"Hii yako ni kama kanisa iko na viti tu," alimwambia Philip.

Philip hakubishana. Alisema tu siku wakimfungia atajua njia ya kibanda.

Sasa wamefunga. Viatu anaendelea kuuza, hiyo si shida. Shida ni kukhu Sellah.

Kukhu ni nyanya yake, anaishi naye, macho yake yameisha. Bwana yake, kuka Osiako, babu ya Musimbi, ndiye huyo mzee wa video. Alikuwa mwenye ndume hodari, inaitwa Tingatinga, na alipokufa walimfanyia shilembe, zile ndume zikaletwa mbio mpaka kwa boma na isukuti nyuma, vile mzee wa ndume anaagwanga. Hiyo nayo ilikuwa kwa peji. Lakini kukhu hakutaka ya matanga. Alitaka ile ya mzee akiwa mzima, anagombeza. Kila jioni wakimaliza kula obusuma anasema, "Niwekee mzee." Musimbi anafinya, mzee anaongea, kukhu anacheka, anaenda kulala.

Tangu peji ifungwe Musimbi alimwambia bando imeisha. Jioni iliyofuata, bando. Nyingine, bando. Uongo unachosha kuliko kubeba gunia la viatu. Halafu asubuhi moja kukhu akatoka jikoni akipapasa ukuta, ameshika ingokho, ile moja yake nyeusi inayotaga, miguu imefungwa kamba.

"Uza hii ununue bando," akasema. "Mimi si mtu wa kukaa bure kwa simu yako."

Musimbi akakaa chini kwa mlango. Akamwambia yote: bando iko, mzee ndiye hayuko, kuna watu wamemfungia. Kukhu akauliza, kuku bado iko mkononi:

"Kwani sauti ya mzee wangu ulikuwa umepelekea watu gani?"

Musimbi hata jina lao hana. Hawajui. Hajawahi kuwaona.

Ni kukhu mwenyewe aliyekumbuka Makhanu. Makhanu alikuwa anapiga isukuti na kuka, na ana karedio ka memori kadi anatembea nako akichunga. Zamani alimsumbua Musimbi amwekee video kwa kadi, na Musimbi akamcheka, akamwambia aingie kwa peji kama watu. Mwisho alimwekea tu sauti ya hiyo ya kugombeza, ndio amwache.

Musimbi alimpata mtoni, karedio kanahubiri. Alipomweleza, Makhanu hakuharakisha.

"Si uliniambia mimi ni wa zamani," akasema. "Na wewe wa kisasa umekuja kufuata nini kwa ng'ombe zangu?"

Kadi alikataa kupeana. Akasema ikitoka inatoka na yeye. Basi wakaenda kwa Philip pamoja, na Makhanu akasimama nyuma ya kompyuta kama askari. Kati ya mahubiri na rumba, sauti ya kuka ikatokea. Philip akatoa nakala akaweka kwa mashine yake, kwa simu ya Musimbi, na kwa kadi nyingine ya kukhu. Hakusema si nilikuambia. Alimwomba tu achague paswadi atakayokumbuka.

Jioni kukhu aliwekewa. "Wewe Tingatinga, jana umekula mahindi ya Sellah, na leo unaniangalia na hayo macho kama..." Ikakatika hapo. Kadi ya Makhanu ilikuwa imejaa siku ile Musimbi anamwekea.

"Kama karani wa chifu," kukhu akamalizia mwenyewe. Akaomba irudiwe.

Musimbi amefungua peji nyingine kwa hao hao waliomfungia, wacha tusidanganyane, wasichana wa Doha wako huko na kwa Philip wamekuja wachache. Kwa Philip bado ni polepole, stima ikienda imeenda. Lakini sasa kila kitu kinaanzia kwa kadi na kwa Philip, halafu hao wenye mtandao wanapata nakala. Picha ya kuka anagombeza haijarudi. Shilembe pia imeenda.

Wewe unayesoma hii kwa simu, acha kutikisa kichwa. Mzee wako yuko kwa peji ya nani? Mshushe leo. Mweke kwa kadi, mpatie ndugu yako kadi ya pili, halafu fungua akaunti kwa mashine ya mtu unayejua mlango wake. Fanya sasa, kabla hujanunua bando ingine.