Kofia ya Viua

Mume wangu alikufa kwa homa kabla hatujatimiza mwaka wa ndoa, nami sikulia. Ninalisema wazi kwa sababu Mji wa Kale wote ulilisema wakati ule, tena bila kunong'ona. Walinitazama maiti ilipokuwa ikitoka, wakanitazama siku ya kuondoa matanga, na miezi yote ya eda kila aliyekuja kunipa pole aliniangalia macho kwanza ndipo akaketi. Makavu. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru bado mchanga, redio ya jirani haizimwi mchana kutwa, nami msichana wa miaka kumi na tisa nimelala nimeelekea ukutani.

Eda ilipokwisha mama na shangazi walinikogesha, wakanifukiza udi, wakanivika kanga mpya kutoka Biashara Street. Kisha wakasimama kando ya mlango kunipisha. Sikutoka. Wala sikukataa, kukataa kunataka nguvu. Nilirudi kitandani na kanga zangu mpya, nikamsikia shangazi akimwambia mama kwamba hili sasa si la huzuni, hili ni la pepo. Akaletwa mwalimu wa madrasa, akaandika kombe kwa zafarani ndani ya sahani, maandishi yakaoshwa kwa marashi, nikapewa maji yake nikayanywa. Yalikuwa na ladha ya zafarani. Wahenga husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa kimya tu.

Palikuwa na chama cha wanawake kilichokutana ukumbini mwa nyumba moja ya Ndia Kuu. Zamani kazi yao kubwa ilikuwa nyimbo za harusi, na kuwarushia mafumbo wanawake wa chama cha mtaa wa pili. Katika miaka ile walikuwa wamepata kiongozi mpya, mwalimu wa shule ya wasichana, naye akawageuza. Alisema kuna vijana wanaozama majumbani, na mtu mzima hawezi kuwafikia, kwa sababu mtu mzima akiingia tu husema subira yavuta heri. Basi kila aliyezama apelekewe mwenzake wa rika lake, tena aliyewahi kuzama mwenyewe. Waliopelekwa walipewa masharti: usimhubirie, na usikae mikono mitupu, shika kazi yoyote utakayoikuta nyumbani.

Mimi nililetewa msichana wa Majengo aliyekuwa amezika mtoto wake mchanga. Mama alinieleza hayo mlangoni, msichana mwenyewe akiwa amesimama palepale, kana kwamba anamsifu fundi. Kuanzia hapo alikuja kila alasiri. Alivua champali zake kizingitini, akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayeomba asisikike, akaketi mkekani. Alichambua mchele wa mama, akatia vifungo kwenye mashati ya baba, akasuka ukili wa mkeka ulioachwa na shangazi. Hakunihubiria. Alinipa habari za kuku wa jirani yake aliyekuwa na tabia ya kutagia vitandani mwa watu. Sikumpenda wala sikumchukia. Alikuwa mle chumbani kama kabati lilivyokuwa mle chumbani.

Mwishowe kazi za nyumba zikamwishia.

Wanawake wa kwetu huwashonea waume zao kofia za viua. Unachukua kitambaa cheupe mikunjo miwili, unachora maua yako, unatoboa vitobo vidogo vidogo, na kila kitobo unakizungushia uzi. Kofia moja yaweza kula miezi. Yangu ilikuwa kapuni chini ya kitanda, sindano bado imechomekwa pale nilipoishia siku mume wangu aliporudi kutoka bandarini anatetemeka. Mchana ule niliamka usingizini nikamkuta yule msichana ameishika magotini. Alikuwa ameshatoboa na kushona mstari mzima. Na viua vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu.

"Nani alokwambia uishike?" Sauti ilitoka kubwa, nikaishangaa mwenyewe. "Hiyo ni kofia ya mume wangu! Weka tini! Weka tini, nakwambia!"

"Nisamehe, shoga yangu. Naliona sindano i papo hapo, nikadhani utafurahi ikisha."

"Na nani alokwambia nataka ishe?"

Aliilaza kitandani kwa mikono miwili, akatoka mbio. Mama akaja, akasimama mlangoni, nikamwona anajizuia asitabasamu kwa kuwa mwanawe amepiga kelele. Hilo nalo likaniudhi. Kuudhika mara mbili kwa siku moja, baada ya miezi ya kutosikia kitu, kulinichosha mwili mzima.

Nikachukua wembe nikafumua uzi wake wote. Lakini kofia ya viua si kama nguo nyingine. Uzi unatoka, tobo linabaki. Ulibaki mstari mzima wa vitobo vilivyo wazi kando ya viua vyangu vilivyokwenda upande, na nikiwa nimeshika wembe ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesema. Sikutaka ishe. Kofia ikisha, sina tena la kumfanyia mume wangu. Niliogopa sana. Lau ningeweza kuurudisha ule ubaridi wangu wa kutosikia kitu, ningeurudisha.

Kesho yake hodi haikusikika. Wala keshokutwa. Mama akaleta habari kwamba yule mwalimu kiongozi wa chama anataka kumwondoa msichana yule, eti hafai kupelekwa kwa wagonjwa. Champali zake zilikuwa bado kizingitini. Alikuwa amekwenda peku mpaka Majengo, juu ya lami ya alasiri, kwa sababu ya kushika kazi aliyoikuta nyumbani kama alivyofundishwa.

Nikavaa buibui. Mama alikuwa uani anakuna nazi. Akasita, kisha akaendelea kukuna. Hakuniuliza naenda wapi, Mungu amjaze kheri. Njia siikumbuki vizuri. Ningependa kusema kwamba jua lilinipendeza baada ya miezi yote ile, lakini halikunipendeza, lilikuwa jua.

Watoto wa Majengo walinionyesha nyumba yao, ya udongo, mlango wake barabarani. Nilipopiga hodi alifungua mwenyewe, akatazama champali zilizokuwa mkononi mwangu badala ya uso wangu.

"Nimekuletea," nikamwambia. "Na hii pia. Uzi wako nimeutoa. Vitobo vimesalia wazi."

Akaipokea kofia, akaisogeza penye mwanga, akaigeuza ndani na nje. Haikuwa imeungwa bado. Ilikuwa duara la juu na ukanda mrefu wa pembeni, kila kimoja peke yake. Akaupima ukanda kwa vidole, akakunja uso kifundi. Watu wote waliokuja kwangu walikuwa na la kuniambia: Mungu amempenda zaidi, wewe bado kijana utaolewa, siku hazigandi. Hapakuwa na hata mmoja aliyeniuliza lolote juu ya mume wangu.

"Kitwa chake kilikuwa kadiri gani?" akauliza.

Sikuwa na kipimo. Sikuwahi kumpima kwa utepe. Nilikuwa nikimshika kichwa kwa viganja viwili, yeye anacheka, ananiambia naharibu nywele, kisha nakimbia kwenda kukata kitambaa kabla mikono haijasahau. Basi nikaiinua mikono palepale mlangoni. Nilidhani imeshasahau. Ikajifungua yenyewe, ikafika mahali ikasimama, na katikati yake hapakuwa na kitu. Hapo nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya watu wa Majengo wasionijua, na mikono sikuishusha.

Yeye hakuniambia subira. Alitwaa uzi ndani, akaukata kwa meno, akaupitisha ndani ya viganja vyangu, akauzungusha polepole, akaufunga fundo pale ulipokutana.