Kiti Kimoja Katikati ya Sebule

Siku rafiki yangu aliponiambia nitoe kochi la watu wawili sebuleni na kuweka kiti kimoja katikati, ilinipasa kusema hapana. Nilisema sawa. Hata sikumwuliza mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akimtengenezea rafiki huyo huyo chai.

Tulisoma naye sekondari. Alipostaafu alijenga Kericho, na chumba kimoja cha nyumba yake akakitenga kwa muziki tu. Nilipomtembelea mara ya kwanza alinikalisha kwenye kiti chake, akaniambia nifumbe macho, akaweka wimbo wa mwanamume mmoja, gitaa na ngoma. Nilifumbua macho haraka. Mwimbaji alikuwa amesimama mbele yangu, katikati kabisa, mahali pasipokuwa na spika wala kitu chochote ila ukuta. Gitaa lilikuwa kushoto kwake, chini kidogo, kama linalopigwa na mtu aliyeketi. Ngoma ilitoka mbali zaidi, nje ya ukuta, kule kwenye banda la kuku. Niliinuka nikaenda kuchungulia nyuma ya spika.

"Kila mgeni huinuka," akasema, akicheka. "Mchungaji wetu hata alipapasa ukuta."

Nilirudi nyumbani, upande wa Litein, nikiwa nimeshikwa na hamu ya sauti kama ile.

Spika nilikuwa nazo. Binti yetu alininunulia nilipoacha kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha chai, na zilikuwa nzuri. Lakini nilikuwa nimeziweka kama watu wengi wa kwetu wanavyoziweka: juu ya kabati, moja huku na moja kule ya televisheni, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, na juu ya kila kitambaa ua la plastiki. Vitambaa vilifumwa na mke wangu. Jioni tuliketi pamoja kwenye lile kochi la wawili, yeye na sindano yake ya kufumia, mimi na kikombe, tukisikiliza nyimbo na kubishana kuhusu waimbaji. Yeye aliimba kwaya ya kanisa tangu usichana wake huko Boito, kwa hiyo katika mabishano hayo nilishindwa sana. Sauti ilitoka kabatini tu, yote pamoja, na hakuna aliyelalamika.

Rafiki yangu alipokuja kuangalia, alitikisa kichwa kama daktari.

"Sauti ya namna hii ina mahali pamoja tu pa kuisikia," alisema. "Ukisogea kidogo kushoto, mwimbaji anakimbilia spika ya kushoto. Kochi la wawili maana yake wote wawili mnakosa. Weka kiti kimoja, bwana."

Kochi likaenda Bomet kwa mwana wetu. Mke wangu alisimama mlangoni akilitazama likifungwa kamba kwenye pikapu.

"Na mimi nitakaa wapi?" aliuliza.

"Tutapokezana," nilisema.

Kazi iliyofuata, sitadanganya, ilikuwa ya furaha. Spika zilishuka kabatini zikapata vigoda vyao, mbali na ukuta, ili sauti ipate nafasi ya kupumua nyuma yazo. Nilipima kwa kamba ya kufungia ndama: kutoka spika hii hadi ile, na urefu ule ule kutoka kila spika hadi kwenye kiti. Kisha nikazigeuza kidogo zinitazame. Vitambaa na maua vilitoka. Mke wangu alivikunja akaviweka sandukuni.

Kuta ndizo zilizonisumbua. Sauti hugonga ukuta wa pembeni na kukurudia ikiwa imechelewa, na hapo mwimbaji anakuwa kama mtu unayemwona kupitia dirisha lenye mvuke. Rafiki yangu alinifundisha dawa yake. Unakaa kwenye kiti, mwenzako anatembeza kioo ukutani, na pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo pa kutundika kitu kizito. Nilimwomba mke wangu ashike kioo.

"Unaona nini?" aliuliza, akikisogeza.

"Dirisha."

"Sasa?"

"Naona mzee mmoja, ana kichwa kama boga."

"Huyo hawezi kutundikiwa blanketi. Nisogee mbele?"

Tulicheka hadi kioo kikamponyoka, bahati kikaangukia zulia. Blanketi tulizotundika zilikuwa zake nzuri, zile za wageni, na pembeni nikasimamisha magunia yaliyoshindiliwa nguo kuukuu. Jirani aliyekuja kuomba jembe aliniuliza kama tunahama.

Adui mwingine alikuwa mvua. Huku kwetu mvua hushuka mchana karibu kila siku, na paa ni la mabati. Ikianza, mwimbaji, gitaa na ngoma vyote vinasombwa. Basi nilijifunza kukamua ng'ombe mapema, kuwahisha majani yetu kituo cha kupimia chai, kisha kukimbilia kiti changu kabla mawingu hayajafika. Wenzangu pale kituoni waliniuliza ninakimbilia nini. Niliwaambia nina mgeni.

Na kweli siku moja mgeni alikuja. Nilikuwa nimehamisha kiti kidogo, nikafunga mlango wa korido, nikavuta pazia zito. Wimbo ulipoanza, spika zilipotea. Zilikuwepo, niliziona, lakini hakuna sauti iliyotoka kwazo. Ukuta wa mbele ulifunguka, na watu wakasimama humo ndani, mmoja mbele, wengine nyuma yake, mmoja mbali upande wa kulia, nje kabisa ya spika. Nilitaka kuwapa chai.

Wageni wa kawaida waliona tofauti. Wanawake wa kanisa walipokuja kuomba kwetu, walikuta viti vimezunguka ukuta kama ilivyo kila sebule ya huku, na kimoja peke yake katikati. Kwenye kikao cha wazee, anayewekwa katikati peke yake ni mwenye kesi. Hakuna aliyekikaribia.

"Leo nani ameshtakiwa?" mmoja aliuliza.

"Ni mzee wangu," mke wangu alijibu. "Hujishtaki mwenyewe kila asubuhi."

Mchungaji alichelewa akakuta ndicho kiti pekee kilichobaki. Alihubiri akigeuka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara iliyofuata walikwenda moja kwa moja jikoni, na tangu hapo hakuna aliyekuja kukaa sebuleni. Mke wangu alihamia huko pia, na redio yake ndogo na sindano yake. Niliwasikia wakicheka kupitia ukuta. Niliona nimepata utulivu.

Kupokezana hakukuwepo. Alipochungulia mlangoni nilimwambia, "Ngoja huu uishe." Ukiisha niliweka mwingine. Baadaye hakuchungulia tena, na mimi sikuhesabu hilo kuwa kitu.

Kisha kwaya ya mke wangu ilirekodiwa kanisani, Boito, siku ya sherehe yao. Aliyerekodi alisimamisha vipaza sauti viwili tu mbele yao, akawaacha waimbe walivyosimama. Nilipoiweka, walijipanga ukutani kwangu safu kwa safu. Nilisikia paa la kanisa juu yao. Na kushoto, safu ya nyuma, karibu na mahali dirisha la kanisa lilipo, nilimsikia yeye. Huwa anaingia kabla kidogo ya wenzake. Nilifumba macho, nikamnyooshea kidole.

Nilikimbia jikoni. "Leo nimekuona!"

"Umeniona wapi, na nimekuwa hapa nikimenya viazi?"

"Kwenye spika. Kushoto, nyuma."

"Mzee, mimi niko hai hapa, wewe unanitafuta kwenye spika?" Wanawake waliokuwa naye walianguka kwa kicheko. Nami nilicheka. Nilimwambia siku moja nitamkalisha asikie. Alisema sawa, siku hiyo nimwite. Niliusikiliza wimbo huo asubuhi nyingi, na sikumwita.

Miaka ilikwenda hivyo. Mwaka jana binti yetu alikuja likizo, akakaa na mama yake siku nzima, jioni akanijia.

"Baba, tangu lini Mama hasikii sikio la kushoto?"

Sikujua. Alikuwa akishikia simu kulia, akigeuza shingo watu wakimsemesha, akikaa jikoni ili kila mtu awe upande wake mzuri. Wanawake wa kanisa walijua. Hata jirani wa jembe alijua. Mimi niliyejivunia kwamba naweza kusikia mtu amesimama wapi ndani ya kwaya, sikujua. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema mshipa wa sikio umekufa polepole, kwa miaka, na haurudi.

Tuliporudi nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kile kiti. Niliweka kwaya yake, nikachuchumaa pembeni. Alitabasamu mara moja.

"Ni sisi!" alisema. "Lakini mbona wamesongamana upande huu mmoja, kama watu kwenye kituo cha chai mvua ikinyesha?"

Mwimbaji anayesimama katikati ya spika mbili hutengenezwa na masikio mawili. Ukiwa na moja, safu zinaanguka, umbali unapotea, na wote wanarundikana upande wa sikio zima. Hayo nilikuwa nimeyasoma zamani. Niligeuza spika, nikasogeza kiti, nikashusha blanketi, nikapandisha nyingine. Aliniacha nihangaike.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha kushoto, nyuma. Aligeuza sikio lake zima kule, akasubiri, na kwa muda alikuwa na uso wa mtu anayetaka sana kunifurahisha.

"Huko hakuna mtu, mzee," alisema. Kisha akacheka, akanipiga bega. "Wewe nisikie kwa niaba yangu. Mimi nina viazi motoni."

Hajaninunia hata siku moja. Siku hizi mimi ndiye ninayekwenda jikoni jioni, nakaa upande wake wa kulia, tunabishana kuhusu waimbaji wa redio yake ndogo, na bado nashindwa. Ni jioni nzuri. Lakini nilipokubali kile kiti kimoja, masikio yake yote mawili yalikuwa mazima, na yalibaki mazima miaka kadhaa wakati mimi nikimwambia angoje wimbo uishe. Miaka hiyo aliimalizia upande wa pili wa ukuta. Mke wangu hajawahi kuisikia kwaya yake mwenyewe ikisimama mbele yake, na hataisikia.